Tumbo la Nyuma ya Nyumba

Amka, shimo, nimekuja na ndoo.
Kibirizi wamenipa matumbo ya migebuka,
Ujiji wamenipa makapi ya mawese, yangali na joto,
na maganda ya mihogo nimeyamenya mwenyewe tangu alfajiri,
yana udongo mwekundu wa Mahembe.
Kunywa maji kwanza.

Ruhaga alikuchimba kwa siku tisa,
akakujengea kuba la tofali, akalisiliba kwa saruji
hata sisimizi asione pa kupita,
akasema, "Huyu hataki hewa.
Ukimpa hewa, umemuua."
Nikamkumbuka marehemu mama, kule Ilagala,
aliyeziba madirisha hata mwezi wa kumi,
na mtungi wake wa pombe ya ndizi
ukaiva gizani kuliko mitungi ya kijiji kizima.

Watu walisema. Wacha waseme.
Wifi yangu Zuwena aliuliza, kaziba pua kwa ncha ya khanga,
kama ugali nao utanuka.
Nikamjibu: mchicha unaoula kila siku,
wifi, unadhani umelala juu ya nini?

Pumzi yako ya kwanza haikuwaka.
Nilifungua koki, nikawasha njiti,
ukaipuliza ikazima, kama bibi anayezima kibatari.
Ya pili, vile vile. Ya tisa, vile vile.
Ijumaa saa saba mchana nikajaribu tena,
jua kali, sikuona kitu,
nikasogeza mkono nione kama koki imeziba,
nikaungua kidole.
Nililia, nikacheka, nikaita watoto:
njooni muuone moto usioonekana!

Miezi minne tulikaa vizuri, mimi na wewe.
Halafu ikaja ile Jumanne.
Mawese yalikuwa yamefurika, samaki wamefurika,
kila mtu ananiambia chukua, mama Bitalio, chukua,
nami tangu utoto sijui kukataa cha bure.
Ndoo sita za mafuta na matumbo, kinyesi hata kiganja.
Siku ya tatu moto ukawa wa njano,
ya nne ukapiga chafya,
ya tano nikanusa kwenye bomba harufu ya kitu kilichochacha,
ukanyamaza.

Fundi Gwimo akaja na baiskeli kutoka Mwandiga,
akachovya kikaratasi kwenye tope lako,
kikawa chekundu kama jicho la mlevi.
Akanitazama mimi, hakukutazama wewe.
"Umemlisha karamu," akasema,
"naye ni mtu wa uji.
Humo ndani mna wadogo wasioonekana:
wengine wanavunjavunja chakula, wanatoa uchachu,
wengine wanaula huo uchachu, wanatoa moto.
Wa kwanza wana mbio. Wa pili wana taratibu.
Ukiwajazia wa kwanza, unawazamisha wa pili."

Siku kumi na moja sikukupa taka yoyote.
Maji ya majivu, kwa kikombe, si kwa ndoo.
Samadi mbichi ya ng'ombe wa mzee Bukuru,
iliyokorogwa na maji hadi ikateleza kama uji wa mgonjwa,
nikiibeba kichwani kutoka Katubuka, inanidondokea shingoni.
Na jikoni nikarudi kwenye kuni,
macho yakachuruzika, masufuria yakarudi kuwa meusi,
Zuwena akapita mara tatu kwa siku, hana haja yoyote.

Siku ya kumi na mbili, usiku, nilisikia bomba likikohoa.
Nikawasha. Safari hii kulikuwa na giza, nikakuona:
buluu, kaduara kadogo, meno ya mtoto.
Nikachemsha maji matupu.
Sikuwa na chai.

Kwa hiyo leo tupimane.
Ndoo mbili za samadi, nusu ya maganda,
mawese kopo moja, matumbo ya samaki konzi.
Kilichobaki kitaenda kwa kunguru, na wao wana watoto.
Tope lako la jana nimelimwaga kwenye migomba;
imeanza kujisikia.

Kuni tatu zilizosalia nimezificha darini.
Usinune. Si kwamba sikuamini.
Ila tumbo ni tumbo.